Tume iliyoketi kusikiliza wagonjwa wa akili

Habari za tume za serkali tumezizoea, na wengi wetu hatuziamini tena: wakubwa wanakutana, posho inatolewa, ripoti inalala kabatini. Lakini kazi iliyofanyika katika jimbo la Victoria, Australia, inastahili kuangaliwa hata na sisi wa Kivu na Ituri. Tena si mbali nasi sana, kwani wako ndugu zetu waliotoka kambi za wakimbizi ambao leo wanaishi kule na wanaabudu kwa Kiswahili.

Mwaka 2019 serkali ya jimbo lile iliunda tume yenye nguvu ya kisheria, ikiongozwa na Penny Armytage. Wagonjwa wenyewe na jamaa zao walisimama mbele yake wakaeleza namna walivyorudishwa nyumbani eti ugonjwa wao haujazidi, na namna polisi walivyofika mbele ya muganga. Ripoti ya mwisho ilitoka Machi 2021 na mapendekezo 65, juu ya yale 9 yaliyotangulia. Serkali iliahidi kuyatekeleza yote.

Jambo lililotugusa zaidi ni pesa. Tume ilisema wazi kwamba bila chanzo kipya cha mapato hakuna kitakachobadilika. Tangu Januari 2022 waajiri wakubwa, wenye kulipa mishahara ya zaidi ya dola milioni 10 za Australia kwa mwaka, wanatozwa kodi kwa ajili ya kazi hiyo tu. Hata hivyo, baadhi ya vituo vya mitaani vilivyoahidiwa vimechelewa. Inchi tajiri pia huchelewa! Ila kule raia ana karatasi mkononi ya kuulizia.

Kwetu uko Mpango wa Taifa wa Afya ya Akili. Lakini hospitali za kazi hiyo ni chache mno: SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, zote mbili kazi ya shirika la Kikatoliki, ndugu zetu. Panzi, hospitali ya CEPAC, inahudumia wanawake walioumizwa mwili na roho. Mgonjwa wa Shabunda au Walikale afike vipi? Barabara mbovu, vita, na dawa ya kila mwezi familia inanunua yenyewe.

Kwa hiyo analetwa kwetu, katika chumba cha maombi. Hapa tujiseme wenyewe kabla ya kuisema serkali. Tumeona kijana wa kifafa akifungwa kamba, akinyimwa chakula kwa jina la mfungo, vidonge vyake vikitupwa. Katika Marko 5 minyororo ilitoka kwa watu, siyo kwa Yesu.

Tunaomba kila parokia ihesabu wagonjwa wake wa akili na wa kifafa, na ni wangapi wanapata dawa, kisha ipeleke hesabu hiyo, bila majina, kwa muganga mkuu wa zoni ya afya.