Risala ya Waislamu Wenye Ulemavu wa Pwani ya Kenya: Tuulizwe Sisi Wenyewe

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa makadhi, masheikh, wazazi na ndugu zetu:

Leo, tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, hatukuja kuomba sadaka. Tumekuja kudai tuulizwe. Posa ikija, anaulizwa baba. Mahari yakitolewa, anapokea kaka. Nyumba ya urithi ikiuzwa, anatia sahihi ami. Sisi tumekaa papo hapo, na hakuna anayetugeukia.

Sheria hazikutunyima kauli. Katika fikhi ya Kishafii tunayoifuata hapa Pwani, wanaozuiwa kuendesha mali yao kwa maslahi yao wenyewe ni mtoto, aliyepoteza akili na mbadhirifu. Asiyeona, asiyesikia na mwenye ulemavu wa viungo hawamo. Ishara ya bubu ikifahamika, husimama mahali pa tamko lake katika akdi. Upofu haumwondolei baba uwali, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu hayo. Na Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, aliadhini katika msikiti wa Mtume na kuachiwa Madina aisimamie.

Kwa upande wa serikali, Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 12 kinatutambua sawa na wengine mbele ya sheria; cha 23 kinalinda haki yetu ya kuoa, kuolewa na kulea watoto wetu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kutumia lugha ishara na Breli. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hiari ya wanaooana.

Kwa hivyo aliyetuziba mdomo ni mazoea. Binti kiziwi huozwa kwa kuwa ameinamisha kichwa tu, bila mtu kumweleza anaolewa na nani. Mwingine hukataliwa posa baada ya posa, akiambiwa anahurumiwa. Baba asiyeona huambiwa akae kando siku ya nikaha ya mwanawe. Mama asiyeona akiachwa, hunyang'anywa watoto kwa sababu ya macho yake.

Tunadai haya:

1. Kabla ya akdi, anayeozesha amsikilize bibi harusi mwenye ulemavu faraghani, na mkalimani wa lugha ishara asiwe jamaa mwenye maslahi.

2. Mahari akabidhiwe mwenyewe, kwani ni haki ya mke.

3. Wali akizuia ndoa bila sababu ya kisheria, kadhi asikilize shauri upesi na aozeshe yeye.

4. Ulezi wa watoto uamuliwe kwa matunzo wanayopata. Ulemavu pekee usiwe hoja.

5. Mwenye ulemavu wa akili asiwekewe msimamizi kabla ya kusikilizwa na mahakama. Usimamizi uwe wa yale tu asiyoyaweza, upitiwe upya kila mara, na msimamizi atoe hesabu ya kila shilingi. Wala asiozwe ili apatiwe mtu wa kumtunza. Matunzo ni wajibu wa jamaa na serikali.

Mheshimiwa, risala hii tunakukabidhi kwa maandishi na kwa Breli, baada ya kuisoma kwa sauti na kwa lugha ishara. Ukiwa na jibu, usiwape wazazi wetu watufikishie. Tujibu sisi.