VPN si kofia ya kujificha, wasee wa Meru na Embu

Maandamano yakinukia tu, meseji ya kwanza kwenye kundi la WhatsApp ni moja: "Pakueni VPN." Iwe Makutano pale Meru au Embu mjini, ushauri ni huo huo. Lakini ni wangapi wanajua wamepakua nini?

Sababu ya hofu ipo. Juni 24, 2024, Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ilisema haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake, Gen Z wakiingia Bungeni, mtandao ukayumba nchi nzima. Safaricom ikasema ni hitilafu ya nyaya za baharini. Baadaye mwaka huo, CA ikaagiza Telegram ifungwe wakati wa KCSE ili kuzuia wizi wa mtihani.

VPN inafanya nini basi? Inafunga data yako kwa siri na kuipitisha kwenye seva iliyo kwingine. Kampuni ya simu inaona umeunganishwa na seva hiyo, haioni unafungua nini. Mwenye seva ndiye sasa anaona tovuti unazotembelea. Hapo ndipo VPN ya bure inaleta swali: kama wewe hulipi, nani analipia seva?

Kama uko Chuo Kikuu cha Embu au MUST kule Nchiru, na laptopu yako ina Ubuntu, unaweza kujitengenezea yako. WireGuard ni ya bure na imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 5.6, Machi 2020. Kodi seva ndogo ng'ambo, kama dola 5 kwa mwezi. Marafiki watano wakichanga, ni pesa ya chai. Pande zote mbili unaandika `sudo apt install wireguard`, kisha `wg genkey` inakupa ufunguo wa siri. Huo humpi mtu yeyote, hata beshte. Mnaobadilishana ni ufunguo wa wazi. Seva nayo iruhusu data ipite kwenda nje. Mipangilio inakaa kwenye `/etc/wireguard/wg0.conf`, na `sudo wg-quick up wg0` inaiwasha. Kwenye laptopu yako, si kwenye seva, hakikisha AllowedIPs ni `0.0.0.0/0, ::/0`, la sivyo data nyingine itapita nje ya VPN.

Lakini tusidanganyane. Intaneti ikizimwa yote, kama Uganda Januari 2021 na Tanzania Oktoba 2025, VPN haina barabara ya kupitia. WireGuard pia haijifichi. Anayechunga mtandao anaweza kuitambua na kuifunga. Na seva uliyolipia kwa kadi yako ina jina lako.

Zaidi ya yote, VPN haifichi ulichoposti. Billy Mwangi alitekwa Embu Desemba 21, 2024, kisa ambacho wengi walikihusisha na picha ya Rais kwenye akaunti yake. Alirudi nyumbani Januari 6, 2025. Ukiposti kwa jina lako, hakuna haja ya mtu kukutafuta kwa anwani ya IP.

Mei 2025, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kuzuia serikali isizime intaneti. Kwa hivyo weka WireGuard, ni kufuli nzuri. Ila hiyo kesi pia ifuatilie, kwa sababu siku mtandao ukizimwa wote, kufuli yako haitakuwa na mlango wa kufunga.