Dawa ya Mgongo Huingia Kichwani

Nataka kusema neno juu ya vidonge vinavyoitwa vya kulegeza misuli. Wasomaji wengi wamepata kuviona, na wanafunzi wa zamani ambao kazi zao ni za kuketi mchana kutwa, yamkini wengine wanavyo mfukoni sasa hivi.

Mjomba wangu ni dereva wa pikipiki ya abiria. Kituo chake ni hapa Gisimenti, katika njia ya kutoka mjini kwenda Kanombe. Huanza kazi alfajiri, na Ijumaa na Jumamosi hupakia watu hata usiku wa manane, kwa maana wapenda mishikaki na muziki hawana haraka ya kulala. Kazi hiyo imemwumiza mgongo. Likizo iliyopita alinunua vidonge katika duka moja la dawa, na huko hakuulizwa neno ila fedha. Jioni ile akanipakia. Tulipofika penye taa, ikawaka nyekundu, naye hakushika breki mpaka nilipompiga begani. Nilipomwambia, alicheka.

“Wewe mtoto wa shule,” akasema, “hii ni dawa ya mgongo, haiingii kichwani.”

Mimi nasema huingia. Tena kazi yake iko huko huko.

Msuli haujikazi wenyewe. Ubongo hupeleka amri kwa njia ya uti wa mgongo, kisha mshipa wa fahamu huipokea na kuifikisha. Mwisho wa mshipa hutoka kitu kiitwacho asetilikolini, nacho huvuka nafasi ndogo mno na kuuamsha msuli. Basi, mtu akitaka kuulegeza, ama aufunge mlango wa msuli wenyewe, ama atulize kule juu amri inakopita.

Dawa za kufunga mlango ni za chumba cha upasuaji. Asili yake ni kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini. (Sumu ya mishale iliyotumiwa sana huku kwetu Afrika ya Mashariki ni nyingine, hiyo huupiga moyo.) Katika karne ya 19 Claude Bernard wa Ufaransa alionyesha kwa vyura kwamba kurare hukata habari kati ya mshipa na msuli. Tarehe 23 Januari 1942 daktari Harold Griffith wa Montreal aliitumia kwa mgonjwa wa kupasuliwa, na tangu hapo upasuaji ukawa mwepesi kuliko zamani. Lakini misuli ya kupumua hulegea pia, ndiyo sababu mgonjwa hana budi kupumulishwa. Daktari mmoja wa Marekani, Scott Smith, alikubali kudungwa dawa hiyo akiwa macho. Hakuweza kusogeza hata ukope, wala kupumua mwenyewe. Lakini alisikia kila neno, na baadaye akasimulia yote. Mwili umelegea, akili iko macho kabisa!

Vidonge vya mjomba ni kinyume chake. Diazepamu, metokabamoli, klorizoksazoni na wenzao hawafungi mlango wa msuli. Hutuliza ubongo na uti wa mgongo, na msuli hulegea kwa sababu mkuu wake amesinzia. Ndiyo maana mtu huona usingizi, kizunguzungu na uzito wa mikono. (Metokabamoli huweza hata kubadili rangi ya mkojo, jambo linalowatisha watu zaidi ya usingizi, ingawa halina madhara.) Akiongeza pombe, au vidonge vikali vya maumivu, hata pumzi yaweza kupungua. Mwaka 2007 wakuu wa dawa wa Ulaya walishauri karisoprodoli iondolewe madukani, kwa kuwa watu waliizoea vibaya na iliwapunguzia wepesi wa kutenda. Wepesi huo ndio anaouhitaji mwenye pikipiki.

Sisemi dawa hizi ni mbaya. Mgonjwa wa pepopunda, ambaye misuli yake hukaza hadi mgongo ukapinda kama upinde, husaidiwa sana na diazepamu. Aliyepooza na viungo vikakakamaa hupewa baklofeni, naye haruhusiwi kuiacha ghafula, asije akapatwa na kifafa. Hao wana haja kweli. Lakini maumivu ya kiuno ya kawaida? Mwaka 2021 wataalamu wa Australia walikusanya majaribio mengi ya vidonge hivi, wakaona kwamba kwa wiki mbili za kwanza hupunguza maumivu kwa alama kama 8 tu katika 100, na hata ushahidi huo ni dhaifu. Kwa alama 8 nisingependa kupanda nyuma ya mtu aliyesinzia.

Basi nataka jambo moja, na nawaomba hasa wanafunzi wa zamani walio wauza dawa walisikie. Kabla ya kumpa mtu vidonge hivi, mwulizeni, “Kazi yako ni nini?” Akisema anaendesha pikipiki, au lori, au mashine ya kupasulia mbao, mpeni ya maumivu tu isiyoleta usingizi, au mpelekeni kwa daktari. Swali hilo halimgharimu mwenye duka hata senti.

Mjomba naye ana neno lake, na si la kudharauliwa. Asema akipumzika siku tatu, fedha ya mwenye pikipiki itatoka wapi? Hapo sikuwa na jibu. Ameniahidi atameza usiku tu, akisha kuegesha. Nimemwambia diazepamu haiishi mwilini kwa usiku mmoja. Ya jana bado imo leo alfajiri anapovaa kofia. Bado hajanijibu.