Ndege ya Vita Si Pambo la Mezani

Nilipoileta ndege yangu chuoni hapa Gitega, mwenzangu mmoja alicheka: "Mtu mzima unachezea maboksi?" Mwingine akanikaripia kwamba ninawatukuza wakoloni. Nawajibu wote wawili hapa, kwa sababu wote wamekosea, ingawa si kwa namna moja.

Ndege yenyewe ni mfano mdogo wa Short 827, ndege ya Kiingereza iliyotengenezwa kutua majini. Mwaka 1916 Wabelgiji walikuwa nazo nne katika Ziwa Tanganyika. Mwezi Juni zilianza kudondosha mabomu Kigoma, zikiilenga meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba. Mwezi huohuo jeshi la Wabelgiji liliingia Gitega, mji ambao Wajerumani waliufanya makao ya utawala wao mwaka 1912. Kwa hiyo, anayeniuliza ndege hii inamhusu nini Mrundi, ajiulize kwanza ni nani alimtawala babu yake, na alifikaje.

Kuhusu maboksi, sikatai, ni maboksi. Niliiunda wakati wa likizo, nyumbani Muyinga. Mabawa ya ndege ya kweli yalikuwa na upana wa mita 16 na nusu hivi. Nikagawanya kwa 50, nikapata sentimita 33. Mbavu nilichonga kwa mianzi, ngozi nikakata kwenye shati la zamani, gundi ikawa uji mzito wa unga wa muhogo, na nyaya zikawa uzi wa kushonea. Bawa la kwanza lilipinda, la pili likapasuka. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo darasani lilinipita: chombo kile kilichotisha watu kilikuwa mbao na kitambaa, na watu wawili walikaa ndani yake juu ya maji mengi. Mkono nao ni mwanafunzi. Anayeuita huo mchezo wa watoto aje achonge bawa moja.

Lakini kosa nililifanya, na hakuna mtu chuoni aliyeliona. Niliipaka rangi ya mafuta, ikang'aa kama kikombe kipya. Nikaiweka mezani sebuleni. Bibi yangu akaitazama, akasema: "Mjukuu wangu, sisi tuliokimbia vita hatuwekei vita kitambaa cha meza." Nikaitoa.

Maneno yake yalinichoma kuliko kicheko cha mwenzangu, maana yalikuwa kweli. Ndege safi inayong'aa inadanganya. Inasema vita ni kitu kizuri, na kwamba ilifika ziwani yenyewe kwa kuruka. Haikuruka. Ilifika Kongo kwa meli, ikiwa vipande ndani ya makasha, ikavuka nchi nzima kwa reli na kwa mto, na kila mahali kulikuwa na mikono ya kupakia na kupakua. Katika vita vile, wapagazi waliotumikishwa upande wa Wabelgiji wanakadiriwa kufikia 260,000. Jina la rubani Aimé Behaeghe ninalijua. Jina la mpagazi hata mmoja silijui.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna aibu ya ziada, kwa sababu lugha yetu haikuwasahau. Kariakoo ya Dar es Salaam ni nini kama si Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, katika vinywa vya watu wetu? Tunalitamka jina hilo kila siku tukifikiria soko tu.

Nikachukua msasa, nikaondoa mng'ao wote. Nikakichovya kitambaa kipya katika maji ya chai, nikapaka udongo mwembamba kwenye maboya. Kisha nikaunda watu kumi na wawili wa waya, wenye makasha kichwani, nikawapanga mbele ya ndege. Bibi aliwatazama muda mrefu, akauliza: "Na hawa, walirudi?" Nikamjibu kwamba wengi hawakurudi. Akaniruhusu kuiweka juu ya kabati. Mezani, hapana.

Sasa wewe unayesema ninawatukuza wakoloni: kuificha ndege hakumwondolei mpagazi mzigo. Kunamficha yeye pia. Na wewe unayependa kuunda ndege kwa ajili ya uzuri wake tu: unda, lakini usitupe nusu ya habari kwa sababu haipendezi.

Kwa walimu wetu naomba jambo moja. Mwanafunzi aruhusiwe kuleta kitu alichokiunda pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, apewe maksi kama anayeandika insha, na aulizwe maswali magumu. Swali la kwanza liwe lile la bibi yangu.