Madalali wa Masta

Wadau, hawa mawakala wanaotuuzia masta ya biashara Uingereza ni madalali tu, si washauri. Nani anawalipa? Vyuo vya huko, kwa kila kichwa! Ndiyo maana wanaimba "mwaka mmoja tu", halafu mengine kimya. Tangu Januari 2024 masta ya darasani ukijilipia huendi na mume, mke wala mtoto. Ada ya afya pauni 776 kwa mwaka, unatoa pamoja na ombi la viza. Kazi? Saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi. Na sisi wa ualimu tunaoishi kwa bumu, mzee anauza shamba kwa ajili ya kipeperushi! Mwambieni wakala awaandikie kwanza kamisheni yake, tuone.