Mabinti wa kifalme hawakuwa na mtumbwi

UKINGO WA ZIWA
Na Kabula Mashauri

Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yana banda la kifalme lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Humo zimetunzwa ngoma na viti vya himaya ambazo Serikali ilizifuta kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ngoma hizo zinatuambia nani alitawala. Hazituambii kwamba katika himaya nyingi za Usukuma, kabla wakoloni hawajaingiza mkono wao, utemi haukwenda kwa mtoto wa mtemi bali kwa mtoto wa dada yake. Dada huyo ndiye aliyebeba ukoo mzima wa utawala, na kwa sababu hiyohiyo maisha yake yalikuwa jambo la himaya, si lake peke yake. Tuna orodha za watemi. Za dada zao hatuna.

Pengo hilo, kwa maoni yangu, ni la mwandishi wa riwaya. Mwanahistoria hufika kwenye ukingo wa nyaraka zake akasimama, na anapaswa kusimama. Mwandishi wa riwaya anaruhusiwa kuvuka, ila kwa sharti moja ambalo wengi hulikwepa: asimgeuze mwanamke wa kifalme kuwa mateka wa kulia dirishani, wala asimgeuze mwanasemina wa haki za jinsia aliyevishwa magome ya miti. Cheo ndicho kilichomfunga mwanamke huyu, na ni hichohicho kilichompa mamlaka juu ya wengine. Riwaya inayochukua upande mmoja na kuuacha wa pili haijamfikia bado.

Tuanze na jambo lililopita hapa kwetu. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga wa Buganda alipinduliwa, akapanda mtumbwi, akavuka ziwa hadi Magu. Waarabu wa huko walimzuia kwa muda, kisha akapata hifadhi kwa mapadri wa Bukumbi, kusini mwa Mwanza, na mwaka uliofuata akarudi kukitafuta kiti chake. Safari hiyo imeandikwa vizuri, maana wamisionari walikuwa na kalamu na walikuwa na maslahi. Wakati huohuo, kule alikotoka, Kabaka Kalema aliyeshika kiti aliwakusanya ndugu zake wa kifalme, wanaume kwa wanawake, akaamuru wauawe ili asibaki wa kumpinga. Damu ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba Mwanga alikuwa na mtumbwi na wapiga kasia, na mabinti wa Mutesa, baba yao wote, hawakuwa navyo. Hao wa pili ndio wanaosubiri riwaya.

Mmoja wao tunamjua kwa jina. Nalumansi alikabidhiwa ulinzi wa kaburi la Kabaka Jjunju, heshima kubwa kwa binti wa kifalme, na pia njia ya kumweka mahali pamoja akiwatumikia wafu. Mila ya Buganda haikuruhusu binti wa mfalme kuolewa. Mwaka 1886 alibatizwa akaitwa Clara, akaviteketeza vitu vitakatifu vya kaburi lile, akaolewa. Miaka michache baadaye aliuawa. Wakatoliki wanamkumbuka kama mtu wa imani, na wana haki. Lakini mwandishi mwenye jicho ataona pia mwanamke aliyetumia dini mpya kama mlango, na ataona watu wa kaburini ambao kwao vitu vile vilikuwa uhai wao. Akiwapuuza hao, atakuwa ameandika kipeperushi.

Magharibi mwa ziwa, Karagwe, kifungo kilikuwa cha maziwa. Speke, yuleyule aliyeliona ziwa hili hapa Mwanza Agosti 1858 akalipa jina la malkia wa kwao, alifika kwa Rumanyika, mfalme wa huko, mwaka 1861 akakuta wanawake wa jamii ya mfalme wakinyweshwa maziwa hadi wanashindwa kusimama, kwa kuwa unene ulikuwa fahari ya nyumba. Alimpima mmoja kifua, mkono na paja, akaandika vipimo kitabuni. Zaidi ya hapo tunajua machache mno juu yake. Alikuwa akisema nini wakati mgeni anampima? Nani alikamua maziwa yale, na nani aliyaonea njaa? Maswali hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu yanamtoa mama huyo kwenye sanduku la maajabu na kumrudisha kwenye uchumi wa ng'ombe na watumishi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Unguja, kwa sababu huko mwanamke mwenyewe aliandika. Sayyida Salme aliyezaliwa 1844, binti wa Sultani Said, alijifunza kuandika kwa siri. Mwaka 1859, akiwa na miaka kumi na mitano hivi, akawa mwandishi wa barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya Sultani Majid. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, Salme na dada yake Khole walimtoa humo akiwa amejifunika nguo za kike, mbele ya askari ambao hawakuthubutu kumfunua mwanamke wa kifalme. Nguo iliyokusudiwa kumficha mwanamke ikampitisha mwasi! Salme akaja kukimbilia Ujerumani, akawa Emily Ruete, akachapisha kumbukumbu zake 1886. Humo anawakatalia Wazungu wanaodhani maisha ya nyumba za kifalme yalikuwa gereza tupu. Humohumo anautetea utumwa, yeye ambaye mama yake alinyakuliwa utotoni huko Uchakesi akauzwa. Binti wa mateka alikuwa mtetezi wa minyororo ya wengine. Mwandishi atakayeificha sura hiyo ili tumpende Salme atakuwa ametudanganya.

Wapo watakaosema hadithi za kubuni huwachanganya vijana, wakachukua ya mwandishi kuwa ya historia. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni ukurasa mmoja mwishoni unaotaja kilichotungwa. Wengine watauliza, na swali lao ni zito kuliko la kwanza: kwa nini mabinti wa wafalme, na si wanawake waliouzwa na wafalme hao? Jibu ni kwamba waliishi ua mmoja, tena mara nyingine walikuwa mama na mwana, kama kwa Salme. Anayeandika habari za binti kwa ukamilifu hawezi kumwacha mtumwa nje ya mlango.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mjukuu wa Omukama Machunda, aliamua kuandika juu ya Myombekere na Bugonoka, watu wa kawaida, na uamuzi wake ulitupa riwaya kubwa. Ua wa babu yake bado haujaandikiwa kitu cha kiwango hicho. Kitereza alimaliza kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945, kikachapishwa kwa Kiswahili 1980, naye akafariki 1981. Wachapishaji, mswada wa riwaya ya Nalumansi ukiwafikia, msiuweke kabatini miaka thelathini na mitano.