Somo la Kiingereza: Kila Neno na Kazi Yake



Mwezi uliopita tulitazama herufi za Kiingereza na namna ya kuzitamka. Mwezi huu twaingia katika jambo ambalo watoto wengi huliogopa na wazazi hulikimbia, yaani majina ya aina za maneno: "noun," "verb," "adjective," na wenzao. Twaliweka somo hili katika gazeti la nyumbani kwa sababu si la wanafunzi peke yao. Mtoto wa Naipingo, au wa kijiji kingine cho chote cha Nachingwea na Ruangwa, aendaye shule ya Serikali, husoma masomo ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, hesabu, jiografia na elimu ya viumbe humjia kwa Kiingereza. Hapo aweza kuwa na akili njema na bado akashindwa, si kwa kuwa halijui jambo aulizwalo, bali kwa kuwa hakulielewa swali. Na mzazi wake, kwa kuwa mwenyewe hajui Kiingereza, hudhani kwamba hana la kumsaidia. Analo, nasi tutalionyesha.

Asili ya majina haya

Kwanza tuondoe hofu. Majina haya hayakuzaliwa Uingereza. Wayunani wa kale ndio waliotangulia kuyagawa maneno ya lugha yao katika mafungu, na kitabu kidogo kinachotajwa kuwa cha Dionysius Thrax, cha miaka kama 100 kabla ya Kristo, chahesabu mafungu manane. Warumi wakayapokea. Katika karne ya 4 mwalimu Donatus, aliyemfundisha Mtakatifu Hieronimo, aliandika kitabu kifupi kwa maswali na majibu, kama katekisimu, na kwa kitabu hicho watoto wa Ulaya walifundishwa miaka mamia mengi. Waingereza nao waliyaazima maneno hayo kutoka Kilatini, kama sisi tulivyoazima mengi kutoka Kiarabu.

Basi ukilifungua kila jina, ndani yake utakuta neno jepesi. "Noun" asili yake ni jina. "Pronoun" ni kilicho badala ya jina. "Verb" asili yake ni neno, maana wazee wale waliliona kuwa ndilo neno kubwa katika usemi. "Adverb" ni kilichowekwa karibu na hilo "verb." "Adjective" ni kilichoongezwa kando ya jina. "Preposition" ni kilichowekwa mbele. "Conjunction" ni kilichofunga pamoja. "Interjection" ni kilichotupwa katikati. Ni majina ya kazi na ya mahali, kama vile mtu aitwavyo mkulima au mlinzi wa mlangoni.

Na majina yetu ya Kiswahili yamefanywa vivyo hivyo. Kitenzi ni cha kutenda, kielezi ni cha kueleza, kiunganishi ni cha kuunganisha, kiwakilishi ni cha kuwakilisha. Ajuaye kazi amekwisha kujua jina.

Aina nane

1. "Noun," yaani nomino, hutaja mtu, mahali, kitu au hali: "farmer," mkulima; "maize," mahindi; "kindness," wema. Sisi huonyesha wingi mwanzoni mwa neno, mti na miti, Mwingereza huuonyesha mwishoni, "tree" na "trees." Lakini yako majina yasiyofuata njia hiyo: "child" huwa "children," na "foot" huwa "feet." Haya hayana budi kukaririwa.

2. "Pronoun," yaani kiwakilishi, husimama badala ya jina. Hapa mtoto wetu hujikwaa sana. Sisi tuna neno moja, yeye, kwa mume na mke. Mwingereza husema "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke, na kitu hukiita "it."

3. "Verb," yaani kitenzi, hutaja tendo au hali: "walk," "eat," "be." Tazameni neno letu nitamsaidia. Sisi twaliandika kama neno moja, lakini ndani yake wamekaa wanne: ni, ta, m, saidia. Mwingereza humpa kila mmoja nyumba yake, naye husema "I will help him." Tena hubadili mpango: yule m wetu hutangulia saidia, bali "him" hufuata nyuma ya "help." Mtoto akilijua hili, hatasema tena "I will him help."

4. "Adjective," yaani kivumishi, hueleza sifa ya jina. Huku tumepata nafuu. Sisi twasema mtu mzuri, watu wazuri, kiti kizuri, viti vizuri. Mwingereza husema "good" kwa wote, wala halibadili. Ila hulitanguliza: "good chair," si "chair good."

5. "Adverb," yaani kielezi, husema tendo limetendwaje, lini, au wapi: "slowly," polepole, "today," leo, "here," hapa. Mengi huishia na "ly," lakini msiyategemee herufi tu, maana "friendly" ni kivumishi, ingawa nalo lina mkia huo.

6. "Preposition," yaani kihusishi, huonyesha jinsi jina linavyohusiana na maneno mengine. Sisi twasema, yuko shambani, amekwenda shambani, ametoka shambani. Na shambani ni lile lile mara zote tatu, kwa kuwa kitenzi chetu chatosha kuonyesha njia. Mwingereza hutaka neno lake kila mara: "in the field," "to the field," "from the field." Anayetafsiri shambani kwa neno moja siku zote hupotea.

7. "Conjunction," yaani kiunganishi, hufunga neno na neno, au sentensi na sentensi: "and," "but," "because." Angalieni na yetu, kwa maana ina kazi nyingi. Yohana na Maria walikuja, ni "and." Yohana alikuja na Maria, ni "with," nayo ni kihusishi.

8. "Interjection," yaani kihisishi, ni mlio wa moyo: "Oh!" na "Alas!" kama sisi tusemavyo Lo! na Ole!

Pamoja na hayo, Kiingereza kina vineno "a" na "the," viitwavyo "articles," visivyo na ndugu katika Kiswahili. Hivyo tutaviwekea somo lao.

Jina bila tendo

Yafaa tukumbuke jambo moja la nchi yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilileta Nachingwea mpango mkubwa wa kulima karanga, ikajenga na reli kutoka pwani. Mpango ule uliachwa mwaka 1951, na reli ile haipo tena. Lakini tazameni maneno ya Kiingereza tutumiayo katika kazi za namna ile: trekta, injini, reli, stesheni. Yote ni nomino. Ndivyo lugha zinavyoazimana. Majina ya vitu hutangulia, vitenzi hukawia. Kwa sababu hiyo mtu aweza kuwa na majina mengi ya Kiingereza kinywani, asiweze kutunga hata sentensi moja. Majina matupu ni kama matofali yaliyorundikwa uani: mali ipo, nyumba haipo. Mtoto akileta nyumbani orodha ya majina ishirini, mwulizeni amejifunza vitenzi vingapi.

Tazama kazi, si sura

Sasa twafika penye kiini. Neno la Kiingereza halina aina moja siku zote. Chukueni "light." Katika "The light is good," ni nomino, mwanga. Katika "Light the lamp," ni kitenzi, washa. Katika "a light load," ni kivumishi, mzigo mwepesi. Sura ni moja, kazi ni tatu. Kwa hiyo akariripo mtoto kwamba "light ni noun," amekariri theluthi tu ya habari. Na aulize kila mara: hapa neno hili lafanya kazi gani?

Nasi tuyatazame maneno haya pamoja: "Alas! The old farmer walked slowly from Naipingo, but he arrived." Maana yake, Ole! Yule mkulima mzee alitembea polepole kutoka Naipingo, lakini alifika. "Alas" ni kihisishi, "old" ni kivumishi, "farmer" na "Naipingo" ni nomino, "walked" na "arrived" ni vitenzi, "slowly" ni kielezi, "from" ni kihusishi, "but" ni kiunganishi, "he" ni kiwakilishi. Aina zote nane zimo humo.

Neno kwa wazazi

Wako wasemao kwamba sarufi ni ya Wazungu, na lugha ya nyumbani haina. Si kweli. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundisha Kiswahili, na mwaka 1950 kilichapwa huko Johannesburg kitabu cha sarufi ya Kimwera, kazi ya Lyndon Harries. Watu hao walipaswa kujifunza kwa taabu yale ambayo mtoto wa Kimwera huyanyonya kwa mama yake. Lugha yenu inayo majina, vitenzi na sifa. Mnazitumia kila siku bila kuzitaja.

Basi mama asiyejua hata neno moja la Kiingereza aweza kukaa na mwanawe jioni, akaweka kidole juu ya neno daftarini, akauliza: Hili lataja kitu, au lasema tendo? Lamsifu nani? Lafunga nini na nini? Mtoto atalazimika kufikiri ili ajibu, na akikosa jibu, amekwisha kujua la kumwuliza mwalimu kesho. Kwa kazi hiyo elimu kubwa haihitajiki. Yahitajika subira, na taa.

Zoezi la mwezi huu

Semeni "water" ni aina gani katika kila sentensi: "The water is cold." "Water the trees today." Kisha mtafute majina mengine yote, na kielezi kimoja. Majibu yatatoka mwezi ujao, pamoja na somo la vitenzi vya wakati uliopita.